Bakuli Langu la Bluu na Sheria ya Mheshimiwa

Bi Verna Lindquist,
Nyumba ya pili baada ya kanisa,
Nordahl, Wisconsin.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Mheshimiwa Curtis Dahlberg,
Mjumbe wa Baraza la Jimbo,
Ofisi ya wilayani, juu ya duka la matairi.

YAH: KUTORUDISHWA KWA BAKULI LA BLUU LENYE MAUA MEUPE

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya katika baridi hii. Kichwa cha barua hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa ofisi yako imeonyesha kwamba mambo yanayojieleza ndiyo yanayoishinda kuliko yote, nitaeleza polepole.

Mimi ni mjane, mpiga kura wako wa siku nyingi, na msimamizi wa jiko la ukumbi wa chini wa kanisa letu la Kilutheri. Sina ugomvi na serikali. Kodi nalipa, theluji ya mlangoni kwangu nazoa mwenyewe, na jirani akifiwa sisubiri kutumiwa mtu. Ila nina malalamiko, na nimeyapa namba ili Bi Trudy, karani wako, asipate taabu ya kuyapanga.

1. Bakuli langu halijarudi.

Jumatatu iliyopita nilileta ofisini kwako chakula cha bakuli: nyama ya kusaga, maharage mabichi, supu ya uyoga ya kopo, na juu yake vile viazi vidogo vya kukaanga vimepangwa safu kwa safu, kama alivyokuwa akikupangia marehemu mama yako, ambaye nilimfahamu na alikuwa mtu wa adabu. Bi Trudy alilipokea kwa mikono miwili, likiwa bado la moto. Wewe umezaliwa hapa, kawaida yetu unaijua. Chini ya bakuli hubandikwa utepe wenye jina la mwenyewe. Mlaji akishakula huliosha, huligeuza, husoma jina, hulirudisha. Hata akina Sather, waliomzika baba yao Ijumaa, Jumapili walikuwa wamesharudisha vyombo vya watu. Nawe, kwa taarifa nilizonazo, hujafiwa.

Najua utauliza: kama sikufiwa, chakula kilinijia kwa sababu gani? Swali zuri. Ni kwa sababu ya muswada wako.

Muswada wako unasema kwamba bima ya jimbo, ile ya watu wenye kipato kidogo, isimlipie tena mwanamke aliyebakwa anapotaka kutoa mimba, isipokuwa kama alibakwa kwa nguvu, tena nguvu iliyoonekana: jeraha, nguo iliyochanika, shahidi aliyesikia kelele. Aliyenyweshwa kitu akapoteza fahamu, hamo. Aliyeganda kwa hofu, hamo. Baraza linapiga kura Ijumaa hii.

Wanawake wakakuandikia mtandaoni, wengi kama siafu. Wakakueleza yaliyowapata, na mengine nilipoyasoma nilivua miwani nikaifuta. Wewe ukafuta. Wakaandika tena, ukawafungia. Kisha ukaenda kwenye redio yetu ya hapa, kwenye kipindi cha bei ya maziwa, ukasema maneno haya, nami nilikuwa nasikiliza nikimenya viazi: "Mwenye malalamiko ya kweli aje na jina lake. Mimi sijibizani na watu waliojificha nyuma ya simu."

Sawa. Nikasema Verna, na wewe mwandikie, tena kwa jina lako. Ila mtandaoni, Mheshimiwa, mimi nina mlango mmoja tu ninaojua kuufungua, nao ni ukurasa wa chakula wa kanisa letu. Mtu akiugua au akifiwa, naandika pale jina lake na shida yake, akina mama wanachagua siku za kumpelekea chakula. Basi nikaandika hivi: "Mheshimiwa Dahlberg yuko katika shida. Hajui kulazimishwa ni nini. Tumsaidie." Ukurasa ukaniuliza kipelekwe wapi, nikaandika ofisini. Ukaniuliza kama kuna chakula kinachomdhuru, nikajibu hakuna, huyu anameza chochote. Nikabonyeza. Nilidhani nimeingia kwenye mapambano, kumbe nimetangaza msiba.

Mengine unayajua kuliko mimi. Nusu ya akina mama walisoma neno "shida" tu wakawasha oveni. Nusu nyingine, mabinti wa mtandaoni, walisoma mpaka mwisho, wakacheka, wakausambaza ukurasa wilaya nne. Wakatoliki wakaleta tambi na samaki wa kopo. Mama mmoja wa Kihmong, wale waliohamia huku kutoka Asia, akaja toka mji wa Wausau na roli zake, yaani mboga zilizoviringishwa kwenye unga na kukaangwa, akakuombea wewe na mke wako, akiamini umelazwa. Naambiwa bakuli zilijaa mpaka kwenye ngazi za duka la matairi, na fundi wa pale ameongezeka mwili.

2. Bi Trudy ananiambia jina langu halipo.

Nilimpigia simu Jumatano. Akanishikisha simu, akarudi, akasema amezigeuza bakuli zote na hakuna yenye jina la Verna Lindquist. Nikamwambia atazame ile ya bluu yenye maua meupe. Akasema ya bluu ipo, lakini ina jina la mtu mwingine. La nani? Akasema hawezi kunitajia, ni siri ya mwenyewe.

Mheshimiwa, hapo nilikaa chini. Ofisi inayotaka msichana asimame mbele ya karani aeleze nguo yake ilichanika upande gani, inatunza siri ya bakuli! Ama kweli ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nami nimekuwa nikiandika jina langu chini ya bakuli lile tangu kabla hujaota ndevu. Namheshimu Bi Trudy, nilimfundisha shule ya Jumapili, lakini namwomba avae miwani.

3. Ulikula, ukapiga picha.

Hili lilinikera kuliko lile la kwanza, na lilipaswa kuwa juu, lakini kalamu imeshapita. Alhamisi ulijiweka mtandaoni umeshika uma, shavu limetuna, umeandika: "Nawashukuru wanawake wa wilaya yangu kwa kuniunga mkono." Na mbele yako, jamani, bakuli la bluu lenye maua meupe! Viazi safu tatu zimekwisha!

Hukuuliza nani kapika. Hukuuliza kwa nini kapika. Ulikuta kimewekwa mbele yako, kimya, hakikukukataza, ukaona basi ni chako na kimekupenda. Mabinti wa mtandaoni wakanielekeza, nikakuandikia chini ya picha neno moja la adabu, "Umeshiba?", nikafungiwa dakika ile ile. Kwa hiyo sasa na mimi ni mmoja wa wale waliojificha nyuma ya simu.

4. Ofisi yako inasema bakuli ni zawadi.

Ijumaa mkatoa tangazo kwamba vyombo vyote "vililetwa kwa hiari, bila upinzani," hivyo vitauzwa kwenye mnada wa chama. Nikaona haya yamekuwa makubwa, nikaenda polisi.

Askari wa zamu alinikaribisha vizuri, akanipa kiti na kahawa. Nikamweleza. Akaniuliza kama bakuli nililipeleka mwenyewe kwa miguu yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilimwambia Bi Trudy waziwazi kwamba silitoi moja kwa moja. Nikasema jambo hilo halisemwi, linajulikana. Akauliza kama liliposhikiliwa nilipiga kelele, au nilivutana na mtu. Nikasema hapana, nilikuwa nyumbani nimelala.

"Basi, Mama Lindquist," akasema kwa upole kabisa, "hapo kesi iko wapi?"

Nikakitazama kiti nilichokalia. Wiki chache nyuma binti mmoja alikalia kiti kile kile, nami nikiwa nimesimama nyuma yake nimemshikia koti, akaulizwa maswali hayo hayo na askari huyo huyo, kwa upole huo huo, na kahawa akapewa. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nazungumzia bakuli.

5. Binti huyo.

Jina lake silitaji, kwa kuwa si mali yangu kulitoa. Sisemi ni mjukuu wangu. Nasema tu kwamba anashuka ngazi za nyumba yangu asubuhi na ananywea kahawa kikombe cha marehemu mume wangu, ambacho simpi kila mtu.

Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawageuza vitandani, anawalisha, na mshahara wa kazi hiyo unaujua maana uliupigia kura. Ndiyo maana yuko kwenye bima ya jimbo. Alikwenda kutazama mpira nyumbani kwa mtu anayemfahamu, na wengine wengi wakiwepo. Akapewa kinywaji. Aliamka asubuhi katika chumba ambacho hakuingia kwa miguu yake. Hakuwa na jeraha. Nguo zake zilikuwa zimekunjwa vizuri juu ya kiti, na hicho ndicho anachokiota mpaka leo, kwamba mtu alipata nafasi ya kuzikunja. Sasa ana mimba. Hospitali iliyokubali kumsaidia iko mbali na imempa siku ya Jumatano ya juma litakalofuata kura yenu. Ninyi mnapiga kura Ijumaa hii, na gavana kalamu ameshaichonga. Muswada ukipita, Jumatano bima itamwambia kwamba kilichompata hakikumpata.

Tangu arudi kwangu hajasema mengi. Kazini hajaenda, mezani hula kidogo, na nikiingia chumbani anajifanya amelala. Hata jina lake akiitwa haitiki upesi, utadhani anaitwa mtu mwingine. Ila Jumatatu ile nilipokuwa nakupikia, alishuka, akanitolea bakuli kabatini, akalipaka siagi bila kuambiwa, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Akafunga chakula kwa magazeti, akanibebea mpaka kwenye gari maana ngazi zilikuwa na barafu. Nililia njiani mpaka kwenye duka la matairi kwa furaha ya kitu kidogo kama hicho. Lakini hilo si lalamiko, lifute.

6. Ombi langu.

Sheria ni sheria, nami sitaki upendeleo. Nimekaa nikafikiri, nikaona njia pekee ya haki ni kuupanua muswada wako, uguse kila mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi tulale wote.

(a) Wizi nao uwe ule wa nguvu tu. Ng'ombe wa mtu akiondolewa zizini mwenyewe akiwa usingizini, wakulima wa wilaya hii wasikusumbue, maana hawakupambana. Gari likichukuliwa barabarani bila kioo kuvunjwa, ni azima. Nina hakika wapiga kura wako watakuelewa, hasa wenye ng'ombe.

(b) Kuumizwa na daktari ukiwa umechomwa sindano ya usingizi isiwe kosa. Mgonjwa alipaswa kuamka na kukataa.

(c) Jimbo liwape mabinti wetu mafunzo ya kupiga kelele wakiwa wamezimia. Mimi ninaweza kutoa ukumbi wa chini wa kanisa, Jumanne uko wazi.

(d) Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, kwa mfano mwema, ulale mlango wazi juma zima, nasi wananchi tuje tuchukue tunachokipenda. Asubuhi tutakuuliza kama ulikataa.

Ukiona haya ni mazito, iko njia nyepesi. Ndani ya muswada mna neno moja tu lenye madhara, lile la "kwa nguvu." Lifute hilo neno, nami bakuli nakuachia, pamoja na mfuniko wake, ambao bado ninao. Ukilishikilia neno, basi rudisha bakuli, limeoshwa, kabla ya Alhamisi, siku ya kikao chako cha kuwasikiliza wananchi. Vinginevyo nitakuja mwenyewe na jina langu kama ulivyotaka, nitakaa kiti cha mbele, na sitaondoka mpaka bakuli zote zigeuzwe moja baada ya nyingine na majina yasomwe kwa sauti. Akina mama wengine wamesema watakuja kunisindikiza. Tutakuja na kahawa yetu.

Nimalize kwa salamu. Msalimie Bi Trudy, namwombea macho. Msalimie fundi wa matairi, mwambie zile roli alizozimaliza zilikuwa za Mama wa Wausau, ampelekee chombo chake. Msalimie mke wako, ambaye sina neno naye, na binti zako wawili, ambao nawaombea wasiwe kamwe na sababu ya kuusoma muswada wa baba yao. Kwaya, mchungaji na akina Sather wote wanakusalimu, ingawa si kwa maneno haya hasa.

Wako katika kuosha vyombo tulivyolia pamoja,

Verna Lindquist.

N.B. Mheshimiwa, barua yote hapo juu naomba uichukulie kuwa haina msingi.

Nilikuwa nimeshaikunja nikaiweka mezani, nikaenda kumwagia ndege mbegu. Niliporudi nikamkuta binti ameifungua anaisoma, amesimama, kikombe mkononi. Nikasema moyoni, nimekwisha. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati la chini, akainama, akatoa bakuli la bluu lenye maua meupe, akaligeuza mbele ya macho yangu. Utepe ulikuwa wa zamani, umekuwa wa njano, na mwandiko ulikuwa wangu.

"Bibi," akaniambia, "wewe unapigania bakuli gani? La kwako hili hapa."

Nilikuwa nimesahau kwamba yalikuwa mawili. La pili nilimpa yeye mwaka alipopanga chumba chake cha kwanza, na aliporudi kwangu alirudi nalo. Jumatatu ile hakunitolea bakuli langu. Alinitolea lake, na kabla ya kulipaka siagi alikuwa amekaa juu chumbani akiandika utepe mpya. Mimi kwa haraka zangu sikuligeuza. Bi Trudy alikuwa na haki, miwani yake ni mizima, na kuhusu kutunza siri namwomba radhi. Wewe sina cha kukudai. Bakuli langu halikupotea, kwako halikufika, na madai yangu yote kuanzia namba moja nayafuta.

Nikamwambia basi barua hii niichane. Akasema hapana, niipeleke, ila niiongezee kitu kimoja. Nikamuuliza kitu gani. Akasema, "Andika jina langu."

Nikamuuliza mara mbili, Mheshimiwa, kwa sababu mimi nauliza. Mara ya pili akanishika mkono wenye kalamu.

Anaitwa Britta Moen. Ni mjukuu wangu. Ulisema mwenye malalamiko ya kweli aje na jina lake, nalo umekuwa nalo tangu Jumatatu, chini ya chakula ulichokula. Anakuja Alhamisi kuchukua bakuli lake. Mimi nitakuwa nje kwenye gari, amenikataza nisiingie. Mwekee kiti, wala usimwulize kama alipiga kelele. Utamsikia mwenyewe, maana safari hii yuko macho.